Mgonjwa Aliyekwisha Kuzikwa

Siku waliponiaga hospitalini, baada ya hotuba na keki, mtarajali mmoja alinifuata nje akaniambia, "Mama, yale unayotusimulia kwenye raundi uyaandike. Sisi tunasahau." Nilimjibu kwamba wanasahau kwa sababu hawasikilizi. Lakini sasa nakaa nyumbani kwangu Rwamishenye, asubuhi hakuna anayenigongea mlango kuniambia kuna mgonjwa, na kalamu bado ninazo. Kwa hiyo naandika. Vyeo nitaviruka, maana vilikuja vyenyewe kwa wakati wake na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya utarajali, ule mwaka ambao daktari ametoka chuoni na shahada yake na bado hajui kama kazi anaiweza.

Utarajali wangu mimi niliufanya katika hospitali hiyohiyo ya kanisa, iliyo juu ya kilima upande wa Muleba, ambako ukungu wa ziwa huingia wodini asubuhi kupitia madirishani na kukaa kati ya vitanda mpaka jua liufukuze. Nilizaliwa Kaagya, mtoto wa Kilutheri, nikakulia kati ya kahawa na migomba, na nilidhani hakuna jambo la kwetu litakalonishangaza. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likataka kusimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa Dokta Byabato, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo kiasi kwamba wodi nzima ililazimika kunyamaza ili imsikie. Baadaye niligundua kwamba alifanya makusudi. Alilitazama koti langu, akasema, "Hilo mpaka mchana litakuwa limejifunza kazi." Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimezalisha mapacha, nimetapikiwa, na nimelia chooni. Koti lilikuwa limejifunza kazi.

Dokta Byabato hakutufundisha kwa vitabu, maana vitabu alisema tumeshalishwa vya kutosha. Alitufundisha kukaa. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu alichokwenda nacho kila kitanda, na ole wako umhoji mgonjwa ukiwa umesimama. "Daktari aliyesimama," alisema, "mgonjwa anamwona kama mtu anayeondoka." Alitufundisha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ya mti, sikio moja kwenye pembe, macho kwenye uso wa mama, kwa sababu uso nao una habari. Na alitufundisha kuwatazama waliomleta mgonjwa. Ukishamaliza kumpima, alisema, toka nje uone nani amekuja naye, kisha jiulize nani hajaja.

Kazi katika hospitali ya kanisa ina mambo yake. Siku huanza kwa ibada fupi kabla ya raundi, nyimbo zikiimbwa kwa Kihaya na watarajali kutoka mikoa mingine wakifungua midomo na kufumba kwa heshima. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wakatoliki, kanisa letu ni la Kilutheri, na nusu ya watarajali niliowalea walikuwa Waislamu. Sikumbuki hata siku moja jambo hilo lilileta ugomvi. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya nani amechukua kipimo cha shinikizo la damu cha wodi ya wazazi na kutokirudisha.

Byabato alipostaafu nikarithi kigoda, na watarajali. Walikuja kila mwaka, wanapangiwa kutoka juu, wengi hawajawahi kuliona ziwa letu. Niliwagawa kimoyomoyo katika makundi mawili: wale wanaoogopa mgonjwa atakufa mikononi mwao, na wale wanaoogopa tutawaona hawajui. Wa kundi la kwanza nilifanya nao kazi kwa furaha. Wa kundi la pili niliwapeleka wodi ya wazazi, na huko walibadili kundi wenyewe.

Dokta Zuhura hakuwa katika kundi lolote. Alitoka Kilosa, binti mdogo wa umbo, mwenye ushungi uliofungwa vizuri na tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu. Nilipomuuliza siku ya kwanza anaogopa nini, alifikiri, akasema, "Naogopa nitazoea." Nilimwekea alama nzuri moyoni, nikamkabidhi wodi ya wanaume.

Ndani ya wiki hiyo aliletwa mgonjwa ambaye kwa ajili yake naandika haya yote.

Wafanyabiashara wa dagaa walimteremsha kwenye lango letu asubuhi ya ukungu, wakasema wamempata katika kisiwa kimoja, akilazwa na kulishwa na watu wema ambao sasa wamemchoka. Hawakujua jina lake wala kwao. Hawakungoja chai. Alikuwa mwanamume wa makamo, mifupa mitupu, nywele ndefu, viganja vyenye sugu za mtu aliyeshika zana. Alilala chali, mikono imekunjwa kifuani, macho wazi, hapepesi kwa muda ambao mimi na wewe tusingeweza. Ukimwinua mkono na kuuachia, uliteremka taratibu na kurudi palepale kifuani.

Zuhura alimpima kila kitu. Malaria hakuwa nayo, homa hakuna, shingo laini, sukari ya kawaida, damu yake nzuri kuliko nilivyotarajia. Mwili ulikuwa mzima, ila mwenyewe hakuwemo. Chakula kikiwekwa mdomoni kilikaa humo mpaka muuguzi akitoe. Tukamwekea mrija puani, tukamlisha uji kwa mrija.

Zuhura alikuwa amekichukua kigoda changu bila kuniomba, na kila asubuhi baada ya raundi alikaa kando ya kitanda kile akimsemesha. Kihaya alikuwa anajifunza kutoka kwa wagonjwa wengine, waliomcheka na kumsahihisha. Asubuhi moja yule mgonjwa alifungua mdomo. Sauti ilitoka bila midomo kufanya kazi, na muuguzi aliyekuwa karibu, Adela, akarudi nyuma hadi akagonga kitanda cha pili.

"Amesema nini?" Zuhura alimuuliza.

Adela alijishikiza kwenye kitanda hicho. "Anasema usimkanyagie udongo wake."

Zuhura alishusha macho kutazama sakafu. Ilikuwa saruji, imetoka kupigwa deki. Akainua miguu yake, akaiweka juu ya kipande cha mti cha kigoda, akaendelea kukaa. "Mwambie nimeshaitoa," alisema.

Kuanzia hapo alizungumza, maneno machache, asubuhi tu. Alisema yeye alishazikwa. Hakuwa na hasira wala huzuni, alisema kama mtu anayekutajia mtaa anaokaa. Alipoulizwa kwa nini hali chakula, alijibu kwamba anakula kwa chini. Na jambo moja alilirudia, mpaka Zuhura akaniita nije nilisikie mwenyewe: kwamba kila kunapopambazuka kuna mtu anamwagia maji miguuni, maji ya uvuguvugu, na anamsemesha. Nilipitisha mkono wangu chini ya blanketi. Shuka lilikuwa kavu. Miguu yake, ambayo siku zote ilikuwa ya baridi kama samaki, ilikuwa na joto.

Nilimpigia simu mwenzangu mmoja aliyesomea magonjwa ya akili. Alinitajia jina la ugonjwa huo, akasema upo vitabuni, mtu anaamini kabisa kwamba amekufa, na dawa zake zipo. Tulizitoa hizo dawa kwa uaminifu. Hazikumdhuru, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kusema juu ya dawa hizo. Aliendelea kupungua. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba kuhamishwa, wa kwanza akasingizia baridi ya dirisha, wa pili akasema kweli: hapendi kulala karibu na kaburi.

Kisha alikuja mwanamke mmoja kutoka Kagoma, amemletea chakula mjomba wake aliyelazwa usiku uliotangulia. Aliingia wodini na kapu kichwani akitafuta kitanda cha mjomba, akapita mbele ya mgonjwa wetu, akasimama. Akaliteremsha kapu taratibu, akaliweka chini katikati ya njia, akatoka akiwa anarudi kinyumenyume. Kapu lile lilibaki palepale, ndizi zikipoa, kwa maana hakuna aliyetaka kuligusa, mpaka Zuhura akaliinua na kumpelekea mjomba. Mjomba aliinuka akakitazama kitanda kile, na ndiye aliyetuambia. Yule kitandani ni Deusi, seremala wa Kagoma. Alikwenda visiwani kuezeka nyumba, mtumbwi ukapinduka, wenzake walipatikana na yeye hakupatikana. Ukoo ulingoja, ukachoka kungoja. Mwishowe wakamzika.

"Walimzika vipi bila mwili?" Zuhura aliuliza.

"Walizika mgomba," mjomba alisema. "Waliuvisha sanda. Tulilia vizuri tu."

Nilimweleza Zuhura nje kwamba zipo koo za kwetu zinazofanya hivyo pale ziwa linapokataa kumrudisha mtu. Huwezi kumaliza msiba bila kuzika, na huwezi kuzika hewa. Nilieleza kwa sauti ya kitaalamu, kama ninayesoma majibu ya maabara. Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo anachosema ni kweli. Alizikwa."

Siku ya pili mama yake alikuja. Hakuingia. Tulimwona kupitia dirishani, mwanamke mrefu aliyejitanda kitenge, amesimama kati ya migomba ya hospitali ukungu ukiwa umemfika kiunoni, akitazama ndani. Alisimama mpaka jua lilipopanda, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Wagonjwa waligeuza nyuso zao ukutani. Nilimkumbusha Zuhura lile somo la Byabato juu ya waliomleta mgonjwa na wasiokuja. "Huyu amekuja na hajaja," Zuhura alisema, akatoka kwenda kumsalimia. Nilimfuata.

Aliitwa Ma Kokugonza. Tulimkaribisha ndani. Alitikisa kichwa.

"Daktari, yule ana sura ya mwanangu," alisema. "Ana hata kovu la tezo kwenye kidole. Lakini mwanangu nimemzika, na ninaye nyumbani."

"Nyumbani unaye nani, mama?" Zuhura aliuliza.

"Deusi," alisema, na alionekana kushangaa kwamba anaulizwa.

Hatukuelewa, mpaka tulipokwenda wenyewe Kagoma.

Tulikwenda kwa gari la hospitali, mimi, Zuhura na dereva, mchana wa jua kali. Aliyetupokea alikuwa Ta Rwegasira, baba mdogo wa Deusi na msemaji wa ukoo, mtu mpole mwenye kofia aliyotuvulia sisi wote, hata dereva. Nilimwamkia kwa Kihaya kama inavyompasa. Alituletea kahawa ya kutafuna, tukatafuna. Alisema padri wa parokia yao alishawaambia kwamba mtu huyo ni hai na wakamchukue. Ukoo ulimwitikia padri kwa adabu, na hakuna aliyekwenda.

"Tatizo si kwamba hatumtaki," alisema. "Tatizo mtaliona."

Alitupeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, shamba la nyumbani. Ilikuwa migomba mizuri, minene, imetandikwa nyasi vizuri chini, na hewa ilikuwa imetulia. Pembeni palikuwa na makaburi ya ukoo. Kaburi la mwisho halikuwa na jani hata moja la magugu. Udongo wake ulikuwa umefagiliwa, una unyevu. Na katikati yake, pale ambapo kifua cha mtu kingekuwa, ulikuwa umesimama mgomba.

Ta Rwegasira alieleza akiwa ametazama chini. Wakati wa kuzika hawakutaka kukata shina tupu kama wengine wafanyavyo. Waliona kijana wao anastahili kuzikwa mzima, kwa hiyo wakang'oa mgomba mchanga pamoja na tunguu lake la chini. Tunguu likachipua. Chipukizi likapasua sanda, likatoka.

"Mbona hamkulikata lilipotoka?" niliuliza.

"Ma Kokugonza alituzuia. Tangu mtoto apotee alikuwa hapati usingizi wala hali chakula. Siku chipukizi lilipotoka, alilala. Tukasema, basi, acha."

Ma Kokugonza mwenyewe alikuwa ametokea nyuma yetu bila kishindo. Alipita kati yetu, akaushika mgomba na kufuta vumbi kwenye jani kwa upande wa kitenge chake, kama unavyomfuta mtoto pua. Chini ya mgomba palikuwa na kibuyu.

"Hiki ni cha nini, mama?" Zuhura aliuliza, na nilimsikia sauti imebadilika.

"Cha maji. Namwagia kila asubuhi. Nayapasha moto kidogo, maana hata akiwa mdogo hakupenda baridi."

"Na unamsemesha?"

"Namweleza habari za nyumbani."

"Anakujibu?"

"Hajibu. Tangu zamani hakuwa mtu wa maneno."

Zuhura alinitazama. Nimeshafikiria mara nyingi kwamba labda mtu wa Kagoma alipita wodini akamnong'oneza Deusi habari za maji yale. Nimejaribu kuamini hivyo, na siku za jua ninafaulu. Isipokuwa maneno yale aliyasema kabla yeyote wetu hajajua kwamba yeye ni wa Kagoma.

Kwenye gari, tukirudi, Zuhura alisema, "Mama, lazima mgomba ule ung'olewe. Na lazima yeye awepo."

"Ukifa mgomba na yeye akafa?"

"Hivi sasa anakufa, Mama. Tunamlisha uji na anapungua. Anakula kwa chini, na huko chini anayekua ni mwingine."

Nilimwambia hilo si jibu la daktari. Alikubali. Kisha akanitajia jibu la daktari: uzito unashuka, figo zinaanza kuchoka, dawa haijafanya kitu, na familia ambayo haimgusi mgonjwa ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Dokta Byabato angemtengea kigoda.

Ta Rwegasira alihitaji kikao cha ukoo, na kikao kilihitaji siku zake. Woga wao ulikuwa uleule wangu. "Tukiung'oa na huyo akafa," aliniambia kwenye simu, "sisi tutakuwa tumemuua, siyo ziwa tena." Mwishowe walikubali kwa sharti moja, ambalo walidhani litamaliza mjadala: jembe lishikwe na mama yake.

Ma Kokugonza alikubali.

Tulimpeleka Deusi akiwa amelazwa nyuma ya gari, dripu ikining'inia. Ilikuwa alasiri. Ukoo ulisimama mbali, karibu na jiko, na hakuna aliyesogea tulipomshusha kwenye machela. Tulimlaza kando ya kaburi, Zuhura akapiga magoti kichwani kwake na kushika mkono wake kwenye mshipa. Mimi nilikuwa na mfuko wa dawa za dharura, na nilijua hakuna dawa humo ya jambo hili.

Ma Kokugonza alipiga jembe la kwanza, na Deusi alishtuka mwili mzima.

Alipiga tena. Alishtuka tena, macho yakiwa yaleyale, wazi, yakitazama juu. Kwa kila jembe bega au paja liliruka kama linaloguswa. Kuku wa pale walikuwa wamenyamaza, ingawa hilo huenda nimeliongeza mimi kwa miaka.

"Mapigo yanapungua," Zuhura aliniambia kwa sauti ya chini.

Ma Kokugonza alikuwa ameingia ndani ya shimo hadi magotini. Udongo ulipofunguka tuliona sanda, imegeuka rangi ya chai, na mizizi imepita ndani yake na kutoka upande wa pili, imeshonana nayo. Akaliweka chini jembe, akachukua panga. Alianza kukata mzizi mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alisema neno dogo la Kihaya la kumbembeleza mtoto anayetolewa mwiba.

"Yamepungua sana," Zuhura alisema. Kisha, "Mama, siyapati."

Niliita, "Ma Kokugonza, simama." Hakunisikia, au alinisikia. Aliukumbatia mgomba kwa mikono miwili, akauvuta kwa mgongo, ukatoka na sauti ya kitambaa kinachochanika, na wote wawili, yeye na mgomba, wakaanguka nje ya shimo.

Nilikuwa nimeshapiga magoti na mikono yangu iko juu ya kifua cha Deusi. Sikuwahi kubonyeza. Kifua kilipanda chenyewe, kikavuta hewa ndefu, ya mtu anayetoka chini ya maji. Alipepesa macho. Aligeuza kichwa, akaitafuta sura ya mama yake kati ya sura zetu, akaipata.

"Mae," alisema. "Baridi."

Ma Kokugonza alikuja kwa magoti, udongo mpaka usoni. Alimtazama kwa muda. Kisha akafungua kitenge chake akamfunika, na mkono wake ulipoligusa shavu lake alilia kilio ambacho Ta Rwegasira alivua kofia alipokisikia.

Jioni ile, wodini, Deusi alikula ndizi kwa mkono wake mwenyewe, kidogo, na akalalamika kwamba hazina chumvi. Adela alikimbia kuitafuta chumvi kama anayekimbilia damu. Katika taarifa yake Zuhura aliandika kwamba mgonjwa ameanza kula na kwamba familia imeanza kumtembelea. Nilitia sahihi. Nilimuuliza kama bado anaogopa kuzoea. Alisema kwa sasa hapana.

Deusi alipona taratibu, jinsi wanavyopona watu walioishiwa nyama. Alijifunza kusimama kwa kushika kitanda, kisha akawa anazitengeneza meza za wodi zilizolegea. Habari za mtumbwi hakusema, na hatukumlazimisha. Mama yake alimjia kila siku, akakaa pembeni, akamlisha na kumfulia nguo. Lakini Zuhura aliona jambo na akaniambia: alikuwa hamwiti kwa jina.

Siku ya kumruhusu tulimpeleka nyumbani wenyewe. Tulidhani tutakuta furaha. Tulikuta watu wengi wamekaa juu ya majani ya migomba yaliyotandazwa uani, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, na kimya. Ta Rwegasira alitupokea akiwa na aibu kidogo.

"Samahani, madaktari," alisema. "Tuna msiba."

Ma Kokugonza alikuwa hajautupa ule mgomba. Alikuwa ameulaza chini ya paa la nyumba, ameufunika, na ukanyauka humo siku baada ya siku mpaka ukawa mweusi. Sasa alitaka uzikwe. Wakubwa wa ukoo walijaribu kumwambia kwamba mwanawe huyu hapa, amerudi, hakuna wa kuzika. Aliwajibu kwa upole.

"Huyu amerudi, nashukuru," alisema. "Lakini yule naye nilimlea. Yule ndiye aliyekaa na mimi."

Nilimtazama Deusi. Nilihofu kwamba yote yatarudi, macho, mikono kifuani, udongo. Zuhura alimsogelea na kumshika kiwiko. Deusi alisimama muda mrefu akiukabili ule mzigo uliofunikwa nguo. Kisha akauliza palipo na koleo. Aliliendea shimo, ambalo lilikuwa bado wazi, akazinyoosha kingo zake kwa ustadi wa fundi. Akasaidiana na Ta Rwegasira kuubeba mgomba, wakaushusha, akafukia mwenyewe, akipumzika mara kwa mara kwa kuegemea mpini. Wanawake walilia. Nimehudhuria misiba mingi na ninajua kilio cha adabu na kilio cha kweli, na kile kilikuwa cha kweli.

Baadaye watu walipanga mstari kumpa pole mama, ndivyo inavyokuwa. Mimi nilimpa mkono, Zuhura akampa mkono. Aliupokea kila mkono kwa viganja viwili, akajibu kila mtu vizuri. Wa mwisho katika mstari alikuwa Deusi, udongo bado umo kwenye kucha zake.

"Pole, Mae," alimwambia.

"Asante, baba," alimjibu, kama anavyojibiwa mgeni aliyekuja msibani kutoka mbali. Akajisogeza kwenye jamvi kumpa nafasi. "Kaa. Umetoka wapi?"

Deusi alikaa. Alivuta pumzi, akautazama mkono wake katika mikono ya mama yake.

"Nimetoka ziwani," alisema, akaanza kumsimulia.